Kikao cha Dakika 20: Anza na Yatokanayo

Beringi ya mashine ya kukandia unga haifi ghafla. Hulia kwanza. Mlio huanza mwembamba kama wa panya darini, ukapanda siku hadi siku, hadi usiku mmoja shafti inakwama na kilo 50 za unga uliokwisha kutiwa hamira zinabaki zikiumuka ndani ya beseni.

Kwetu ilikwama saa 7 usiku, usiku wa kuamkia Idi. Nilikuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha mikate Tanga, wafanyakazi 14, zamu mbili. Alfajiri wauzaji wa baiskeli walikuwa wamejipanga mlangoni na kreti tupu, nami sina cha kuwapa. Nikawakusanya watu wangu na kuuliza nani aliusikia mlio ule. Wote walikuwa wameusikia. Kijana mdogo kuliko wote, wa zamu ya usiku, akasema kwa upole, macho chini: "Bosi, mimi nilisema kwenye kikao cha mwezi uliopita. Mkasema limepokelewa."

Nikafungua daftari la muhtasari. Lilikuwemo, mstari wa sita: "Mashine ya kukandia inapiga kelele. Limepokelewa, litafanyiwa kazi." Hakuna jina la mtu. Hakuna tarehe. Mwandiko ulikuwa wangu.

Wewe unayesimamia watu, wawe watano au hamsini, gereji, saluni, zahanati, duka la vifaa vya ujenzi au ofisi yenye kiyoyozi, nakuandikia kwa sababu ya mstari ule. Utasikia ushauri mwingi juu ya kujenga mahusiano mema kazini: sherehe ya mwisho wa mwaka, fulana zenye nembo, safari ya ufukweni. Si vibaya. Lakini mimi nimeona mahali pa kazi panapona au kuumwa katika kipengele kimoja cha ajenda ambacho wengi tunakipita mbio: yatokanayo na kikao kilichopita. Neno la mfanyakazi likirudi na jibu, atasema tena. Likizama, atanyamaza, na kunyamaza kikaoni si kuacha kusema. Atasemea koridoni, chini ya mwembe wakati wa chai, kwenye kundi la WhatsApp ambalo wewe humo. Majungu mengi tunayoyalaumu kazini ni hoja zilizokosa mahali pa kujibiwa.

Ujuzi unao tayari

Usianze kwa kutafuta semina. Ukitaka kuona kikao kinachofanya kazi, nenda kwenye kamati ya harusi. Watu wanakutana Jumapili jioni uani kwa mjomba wa bwana harusi, viti vya plastiki, soda mezani. Mwenyekiti anafungua, katibu anasoma yatokanayo. Aliyetumwa kuulizia ukumbi amekuja na bei? Aliyeahidi laki 2 amepunguza ngapi? Kamati ya chakula imefikia wapi? Kila mmoja anajibu mbele ya wenzake. Asiyefanya anasema hakufanya, anapewa hadi Jumapili ijayo au kazi inahamishiwa kwa mwingine. Tarehe ya harusi haisogei, kwa hiyo kazi ndiyo inayosogea. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA navyo ni hivyo hivyo: siku ile ile, saa ile ile, mchelewaji anatozwa faini, daftari linasomwa kwa sauti.

Fundi wetu wa tanuri, mzee ambaye kazini sikuwahi kumwona akinyoosha mkono, nilimkuta siku moja akiwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtoto wa jirani yake. Anaongoza watu 30 kwa sauti ya chini na kalamu sikioni. Nilirudi nyumbani nikiwaza sana. Hakuwa mtu asiyejua kusema. Kwangu hakuona faida ya kusema.

Siku, saa na malipo

Kikao cha mwezi mmoja mmoja hakitoshi. Katika mwezi beringi inalia hadi inakufa, na watu wawili waliokwazana Jumatatu wamekwisha kuacha kusalimiana. Fanya kila wiki, kwa dakika 20. Chagua siku na usiihamishe. Ukiahirisha mara mbili mfululizo kwa sababu una wageni, umewaambia watu wako kikao kile ni cha kujaza muda.

Sisi tulichagua Jumanne saa 12 asubuhi, zamu zinapopishana. Wa usiku wanaosha mabati, wa mchana wanavaa aproni, na kwa dakika 20 tu wote 14 wako chini ya paa moja. Kila kazi ina mlango wake wa namna hiyo. Dukani ni kabla ya kufungua, hospitalini ni wakati wa kupokezana zamu, kwa mafundi ujenzi ni kabla ya kuchanganya zege ya kwanza.

Dakika hizo ni kazi, zilipe. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kijana aliyeingia saa 3 usiku na kumaliza saa 12 asubuhi ameshamaliza saa zake 9. Ukimkalisha kikaoni bure, miayo yake ni halali yake. Nilipoanza kuwaandikia wa usiku muda wa ziada, kwanza hawakuamini. Kisha wakaanza kuja na hoja walizoziandika kwenye kipande cha mfuko wa unga. Fedha yenyewe haikuwa nyingi. Ilikuwa njia ya kuwaambia kwamba ninayemsikiliza ni mfanyakazi, simfanyii hisani.

Mketi kwa usawa. Huku pwani mabaraza ya nje ya nyumba yalijengwa hivyo: kibaraza kimoja kirefu cha mawe, aliyekuja kwanza na aliyekuja mwisho wamekaa kimo kimoja. Neno tunaloliita baraza la mawaziri na baraza la wafanyakazi limetoka hapo. Basi wewe usikae nyuma ya meza huku wenzako wamesimama wakiegemea ukuta. Sisi tulipindua kreti za mikate, tukazikalia, na mimi nikakalia yangu.

Daftari lenye safu nne

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nunua daftari la kawaida la kurasa 96. Chora mistari upate safu nne: jambo lenyewe, nani anafanya, lini liwe tayari, limefikia wapi. Safu ya nne iache tupu. Hiyo ndiyo inayojazwa wiki inayofuata, kikao kikianza, kabla ya jambo lolote jipya.

Ukurasa wa kikao chetu cha kwanza baada ya Idi ulikuwa na mambo matano. Nakumbuka matatu. Beringi ya pili ya mashine ile ile, nayo ikaguliwe: mimi, Alhamisi. Taa ya choo cha nyuma imeungua: fundi umeme wetu, kesho. Mikate inayorudi kutoka madukani ihesabiwe na watu wawili, kwa sababu muuzaji mmoja analalamika anakatwa asichostahili: dada wa stoo na muuzaji mwenyewe, kuanzia leo. Jumanne iliyofuata tulisoma mstari kwa mstari. Taa ilikuwa inawaka. Marejesho yalihesabiwa siku 4 kati ya 6. Beringi nilikuwa sijaigusa.

Nilitamani kujieleza, kwamba nilikuwa benki, kwamba msambazaji wa unga alinichelewesha. Nikasema tu: "Sijafanya. Nitafanya leo mchana." Dada wa stoo akaandika hivyo hivyo kwenye safu ya nne. Nakuomba, ukifika hapo usiruke. Siku watu wako watakapokuona umesomwa mbele yao kama wanavyosomwa wao, na hukukasirika, ndiyo siku kikao kitakapozaliwa.

Safu ya nne ikubali majibu ya aina tatu tu. La kwanza: limefanyika. La pili: halijafanyika, sababu ni hii, tarehe mpya ni hii. La tatu ni haliwezekani, na sababu yake. Hili la tatu wasimamizi tunaliogopa bure. Watu wangu waliomba feni mbili kwenye chumba cha tanuri. Hela haikuwepo mwezi ule wala uliofuata, nami nikawaonyesha makadirio ya umeme na bei ya unga. Hawakufurahi, lakini hawakuondoka wakisema wamepuuzwa. Wiki ya tatu mmoja wao akapendekeza tuutoboe ukuta wa kaskazini tuweke matundu ya hewa, jambo lililotugharimu siku moja ya mwashi. Lau ningesema "tumelipokea", matundu yale yasingekuwepo. "Tumelipokea" na "tutalifanyia kazi" ni maneno ya heshima, lakini yanafunga mlango bila kutoa sauti. Yafute kwenye daftari lako kabisa.

Daftari asilishike bosi. Mpe mtu anayeandika vizuri na asiyekuogopa, abadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Liachwe mahali ambapo yeyote anaweza kulifunua. Letu lilining'inia kwenye msumari karibu na mizani.

Na "mengineyo" usiyaweke mwisho. Hili nilichelewa kulijua. Mtu mwenye jambo zito hulibeba kikao kizima, anayasubiri mengineyo, analitamka wakati wenzake wameshainuka na wewe unatafuta funguo. Yalete katikati, mara tu baada ya yatokanayo, watu wakiwa bado wameketi.

Kumfungua mdomo aliye mdogo

Tumelelewa kutompinga mkubwa. Ni malezi mema, sitaki kijana wa miaka 20 amkatishe mzee wa tanuri mbele za watu. Lakini aliye mdogo ndiye anayelala na mashine, na macho yake tunayahitaji.

Njia niliyoiona ikifaa ni kutomuuliza maoni. Muulize alichoona. "Wewe unaonaje juu ya utaratibu wa kuchoma?" ni swali la kumtega, kwa sababu utaratibu ni wa mzee aliyekaa pembeni yake. "Jana usiku bati la mwisho lilitoka saa ngapi?" ni swali analoweza kulijibu akiwa na shikamoo yake kamili. Atasema lilitoka saa 11. Mzee mwenyewe atasema mbona limechelewa, kijana ataeleza kuni zilikuwa mbichi, na jambo limefika mezani bila mtu kuvunjiwa heshima. Anza kuzunguka kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, wewe useme wa mwisho. Ukisema kwanza, wengine wote watakuwa wanakuunga mkono tu.

Na majina yatajwe. Mwaka 2007 na 2008 orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane za miji nane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Orodha ile ina vipengele 19. Inawasimamisha wahudumu mara tatu: kabla ya kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla hajatolewa chumbani. Kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake, kuanzia daktari mpasuaji hadi muuguzi, kisha wanathibitisha pamoja mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali zile kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Sitadai kwamba kutaja majina peke yake ndiko kulikoleta hayo, orodha ina mengi ndani yake. Lakini fikiria muuguzi kijana aliyekwisha kulisikia jina lake mwenyewe likitoka kinywani mwake mbele ya daktari bingwa. Akiona pamba moja haijahesabiwa, sauti yake imeshafunguka.

Wiki za mwanzo, orodha ya matatizo ikirefuka, usiogope. Mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali miaka ya 1990, akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikampa kinyume: ndizo zilizoripoti mengi zaidi. Alipofuatilia akaona maelezo yenye uzito ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema. Kwetu mwezi wa kwanza daftari lilijaa unga uliolowa, ngazi iliyolegea, lugha kali ya dereva. Vyote vilikuwepo siku zote. Tulikuwa tunaishi navyo kimya kimya.

Yasiyoingia

Usimkaripie mtu kikaoni. Aliyekosa mwite pembeni, mkae wawili. Ukimsuta mbele ya 13, hao 13 wamejifunza kuficha. Mishahara ya mtu mmoja mmoja nayo isizungumzwe pale. Misiba na michango, ndiyo, iingie, tena mwanzoni: nani amefiwa, nani amelazwa, nani amejifungua. Mtu aliyezika juzi hawezi kusikiliza habari za hamira kabla hujampa pole. Kundi la WhatsApp litumike kukumbusha saa, basi. Ugomvi wa kazini ukiingia kwenye simu hutoka umekuwa mkubwa zaidi.

Kikao hiki kidogo hakichukui nafasi ya chama cha wafanyakazi wala baraza lao, na usikitumie kuvikwepa. Historia yetu ina somo hapa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitoa Waraka wa Rais Na. 1, ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata Mwongozo wa chama tawala, TANU, ukawataka viongozi waache majivuno na dharau kwa walio chini yao. Wafanyakazi waliusoma wakauchukua kwa uzito wote. Mabaraza, hata hivyo, yalibaki ya kushauri, na uamuzi ukaendelea kutoka kwingine. Miaka iliyofuata viwanda vingi vya Dar es Salaam viliona migomo, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakishika wenyewe. Nikiwaza habari ile naona watu waliopewa mahali pa kusema, wakasema, kisha wakasubiri yatokanayo.

Ukiwa hupo

Mwezi wa tano wa vikao vyetu nilifiwa, nikaenda Lushoto kwa siku 9. Sikuacha maagizo yoyote kuhusu Jumanne. Niliporudi nililitoa daftari kwenye msumari. Ukurasa ulikuwa umejaa, kwa mwandiko wa yule kijana wa zamu ya usiku, herufi kubwa zilizosimama wima. Safu ya nne ya wiki iliyopita ilikuwa imejazwa yote. Chini, jambo jipya la mwisho: mizani inapunja gramu 20 kila kilo. Nani: bosi. Lini: akitoka msibani, apumzike siku moja, kisha alete fundi.

Nilipumzika siku moja. Ijumaa fundi wa mizani alikuwa kiwandani.